Neno Lililotoka Zizini

Katika vichupa vidogo vinavyotoka Kibaha, vikasafirishwa ndani ya masanduku ya barafu kwenda kwa wafugaji wa Mkoa wa Pwani na wa mikoa ya mbali, huonekana neno la Kiingereza ambalo wasomaji wengi hulitambua kwa macho pasipo kulijua kwa nasaba, nalo ni "vaccine". Sisi twaliita chanjo, na jina hilo ni la haki, nami nitalirejea baadaye kwa kuwa nalo lina habari yake; lakini neno hili la Kiingereza, lililokopwa kutoka Kilatini, lilizaliwa zizini, na safari yake kutoka zizini hata kwenye maabara, na kutoka maabara kurudi tena zizini, ndiyo ninayopenda kuieleza hapa, kwa sababu naamini kwamba mtu anayejua neno hili lilitoka wapi huielewa zaidi kazi ambayo dawa yenyewe huifanya ndani ya mwili wa mtu au wa mnyama.

Kilatini kilikuwa lugha ya Rumi ya kale, na baada ya dola ya Rumi kuanguka kiliendelea kwa karne nyingi kuwa lugha ya dini na ya elimu Ulaya, hata ikawa tabibu au mwanazuoni asiyekiandika hahesabiwi kuwa msomi kamili. Wala si kigeni sana katika pwani yetu kama tudhaniavyo, maana meza tunayolia chakula tuliipata kwa Wareno, nao waliirithi katika neno la Kilatini mensa. Katika lugha hiyo ng'ombe jike huitwa vacca, na kitu chochote kilicho cha ng'ombe huitwa vaccinus kikiwa cha jinsi ya kiume, au vaccina kikiwa cha jinsi ya kike, au vaccinae kikiwa cha kike katika wingi. Kadhalika ndui, maradhi yaliyotia watu makovu na upofu na kuwaua kwa maelfu, iliitwa variola, neno ambalo wengi hulinasibisha na varius, yaani chenye madoa ya namna namna. Mtu akiweka maneno haya mawili pamoja akasema variolae vaccinae, amesema "ndui ya ng'ombe", na hiyo ndiyo asili yote ya neno letu.

Ndui ilikuwa na tabia moja ambayo watu waliigundua zamani katika nchi nyingi, nayo ni kwamba aliyeugua akapona hakuugua tena. Kwa hiyo katika Uchina, India, Uturuki na sehemu za Afrika ilikuwapo desturi ya kuchukua usaha wa mgonjwa wa ndui nyepesi na kuupaka katika jeraha dogo la mtu mwenye afya, ili augue kidogo akiwa na nguvu zake kuliko kuugua sana ghafula. Mtumwa mmoja wa Kiafrika mjini Boston, aliyejulikana kwa jina la Onesimus, alimweleza bwana wake, mhubiri Cotton Mather, kwamba kwao alikotoka alikuwa amefanyiwa hivyo, na kutokana na habari hiyo desturi ile ikajaribiwa Marekani mwaka 1721. Naitaja habari hii kwa makusudi, kwa kuwa mara nyingi hadithi ya chanjo huanza Uingereza kana kwamba kabla ya hapo dunia nzima ilikaa ikingojea. Hata hivyo njia ile ya kale ilikuwa na hatari kubwa, maana iliyotiwa mwilini ilikuwa ndui yenyewe, na baadhi ya waliotiwa walikufa, na wengine waliwaambukiza majirani.

Wakamaji wa maziwa wa Uingereza nao walikuwa na elimu yao. Ng'ombe wa huko waliweza kupata vipele juu ya chuchu za kiwele, na mkamaji aliyewashika alitokwa na vipele mikononi, akaumwa siku chache, akapona. Kisha ikaonekana kwamba ndui ikipita kijijini, yeye haimgusi. Mwaka 1774 mkulima mmoja, Benjamin Jesty, aliwachanja mkewe na wanawe kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, bila shahada ya utabibu wala idhini ya mtu yeyote. Miaka 22 baadaye, tarehe 14 Mei 1796, tabibu wa kijiji cha Berkeley, Edward Jenner, alichukua ute katika kipele cha mkono wa mkamaji aliyeitwa Sarah Nelmes, akautia katika mikwaruzo ya mkono wa mtoto wa miaka minane, James Phipps, na baada ya majuma kadhaa akamtia ndui yenyewe, naye asiugue. Jaribio kama hilo kwa mtoto lisingeruhusiwa leo, na ni haki lisiruhusiwe. Lakini Jenner alifanya jambo ambalo Jesty hakulifanya, yaani aliandika, akakusanya mifano, akachapisha kitabu chake mwaka 1798 kwa gharama yake mwenyewe, na katika jina la kitabu hicho akayatia yale maneno mawili, variolae vaccinae.

Kuanzia hapo neno likaanza kutembea kwa miguu yake. Kwanza Waingereza walisema vaccine kama sifa tu, yaani cha ng'ombe, wakiizungumzia sumu ya ng'ombe au ute wa ng'ombe. Kisha mwaka 1800 mpasuaji wa Plymouth, Richard Dunning, rafiki wa Jenner, akaunda jina la kitendo chenyewe, vaccination, ili kukitenga na ile njia ya kale ya kutia ndui ya watu. Tofauti hii ilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa aliyesikia neno jipya alijua mara moja kwamba kinachotiwa mwilini mwake si maradhi yaliyomuua jirani, bali ni ndugu yake mpole aliyetoka kwa mnyama. Na kwa sababu hiyo hiyo neno likazua hofu: mwaka 1802 mchoraji James Gillray alitoa picha ya watu waliochanjwa wakiota ng'ombe wadogo mikononi, puani na mdomoni. Hofu ya kugeuzwa na dawa, kwa hiyo, si jambo lililoletwa na simu za mkononi wala si upumbavu wa taifa moja. Ilizaliwa siku moja na chanjo yenyewe, na dawa yake tangu siku hiyo ni maelezo ya subira, si matusi.

Hapa yafaa nitie habari moja ambayo wapenda asili za maneno wataifurahia. Jenner mwenyewe alidhani kwamba maradhi yale ya ng'ombe yalitoka kwanza kwa farasi, na wataalamu wa zama zetu, waliochunguza nasaba ya virusi vilivyotumika katika chanjo za ndui za zamani, wameona kwamba baadhi yake vinakaribiana zaidi na ndui ya farasi kuliko na ya ng'ombe. Iwapo ni hivyo, basi ng'ombe amepewa heshima ambayo sehemu yake ilimstahiki mwingine.

Mtu aliyelitoa neno hili katika mipaka ya ndui ni Louis Pasteur, Mfaransa. Mnamo mwaka 1879 na 1880 alikuwa akichunguza kipindupindu cha kuku, akaona kwamba vijidudu vilivyokaa muda mrefu katika chupa hudhoofika, na kuku akitiwa vijidudu hivyo dhaifu haumwi sana, na baadaye akitiwa vikali havimdhuru. Kwa hiyo chanjo ya kwanza iliyotengenezwa kwa makusudi ndani ya maabara ilikuwa ya kuku. Mei 1881, katika shamba la Pouilly-le-Fort, alichanja kondoo 25 dhidi ya kimeta na kuwaacha 25 wengine, kisha akawatia wote vijidudu vya kimeta mbele ya mashahidi, na waliochanjwa wakasalimika ilhali wenzao wakafa. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, katika mkutano mkuu wa matabibu mjini London, alipendekeza kwamba neno lile la ng'ombe lipanuliwe, litumike kwa kinga ya namna hiyo dhidi ya maradhi yoyote, iwe au isiwe na uhusiano na ng'ombe, ili iwe heshima ya kudumu kwa Jenner. Nadhani ni nadra katika historia ya elimu mtu aliyegundua jambo kubwa kuacha kulipa jina lake mwenyewe na kulitunuku kwa marehemu, na ndiyo sababu leo tunasema chanjo ya surua, ya polio au ya kichaa cha mbwa kwa neno la Kiingereza ambalo ukilifasiri herufi kwa herufi litakuwa "ya ng'ombe".

Ila si kila mara ng'ombe alibaki jina tupu. Mtoto azaliwaye leo katika Hospitali ya Tumbi, Kibaha, au katika hospitali ya Kisarawe, hupata mara tu baada ya kuzaliwa chanjo ya kifua kikuu iitwayo BCG, ambayo huacha kovu dogo juu ya mkono, na chanjo hiyo imetokana na kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe, kilichopatikana katika maziwa ya ng'ombe mwenye kiwele kigonjwa. Albert Calmette na Camille Guérin walikiotesha mjini Lille tangu mwaka 1908, wakakihamisha kutoka chombo hadi chombo mara 230 katika muda wa miaka 13, hata kikapoteza ukali wake, na mwaka 1921 kikaanza kupewa watoto wa Paris. Kwa hiyo sisi karibu wote, wake kwa waume, tuna deni mkononi kwa ng'ombe asiyejulikana jina.

Na Afrika ya Mashariki ilikuwa na sababu zake za kujali ng'ombe walindwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia ikaangamiza mifugo kwa kadiri isiyopata kuonekana; Wamasai walipoteza ng'ombe wengi mno, na mara baada ya njaa ndui ikawafuata, hata msafiri Oscar Baumann aliyepita katika nchi yao wakati huo akaandika habari za watu waliokuwa mifupa mitupu. Maradhi mawili, moja la hayawani na moja la wanadamu, yalishikana mikono. Yalipokuja kushindwa, yalishindwa yote mawili kwa silaha ya jina moja. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, aliugua Oktoba 1977 huko Merka katika pwani ya Banadiri, akapona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Mwenyewe akaishi akawa mhamasishaji wa chanjo ya polio, na alikuwa katika kazi hiyo alipofariki mwaka 2013. Sotoka nayo ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 2011, na chanjo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, na Walter Plowright na wenzake katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya Afrika ya Mashariki, wakitumia mbegu ya virusi iliyokuwa imepatikana Kabete mwaka 1910. Ni jambo la kutafakariwa kwamba katika maradhi yote ya duniani ni mawili tu ambayo wanadamu wameyafuta kabisa, na mojawapo lilikuwa la ng'ombe, na kazi yake ikafanyika kwetu.

Ndiyo maana naona kuna haki fulani ya kihistoria katika jambo la Kibaha. Mji huu, ambao katika miaka ya 1960 ulijulikana kwa mradi wa nchi za Kinordiki uliojenga shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima, ukakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, sasa una Taasisi ya Chanjo iliyo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, pamoja na kiwanda cha chanjo za wanyama cha Hester Biosciences, kampuni yenye asili ya India. Katika taasisi hiyo ya umma hutengenezwa chanjo za kimeta na chambavu, za homa ya mapafu ya ng'ombe, za ugonjwa wa kutupa mimba, na za mdondo wa kuku. Neno lililoanza katika kiwele, likapita katika mkono wa mtoto wa Kiingereza, likazunguka dunia likiwatumikia wanadamu, limerudi kwa ng'ombe mwenyewe. Na anayesema chanjo ya ng'ombe kwa Kiingereza, akijua asili ya maneno, amesema "ya ng'ombe ya ng'ombe".

Sasa nilirejee neno letu. Kuchanja ni kukata au kupasua: twachanja kuni, twachanja chale, na wazee walikuwa na ndugu wa kuchanjiana, waliounganisha damu zao kwa mikato midogo hata wakawa kama waliozaliwa tumbo moja. Kinga ya ndui ilipofika pwani, ilifika kwa mkwaruzo wa sindano au wa kisu kidogo juu ya mkono, na watu wakaiita kwa kitendo walichokiona. Kiingereza, basi, kimehifadhi mnyama aliyeitoa dawa, na Kiswahili kimehifadhi mkono ulioitia. Na yote mawili hayaelezi tena kila kilichomo, kwa maana matone ya polio huingia kinywani bila mkato wowote. Sioni sababu ya kuliacha neno chanjo tukachukua "vaksini", kama wachache wanavyopendekeza. Neno la kwetu linajitosheleza, lina kitenzi chake, lina mchanjaji na mchanjwaji, na msikilizaji asiyesoma hulielewa.

Lakini kuna mchanganyiko mmoja ambao haunipendezi, nao si wa chanjo na vaksini, bali ni wa chanjo na dawa, na hapa ndipo Kisarawe inapoingia katika maneno yangu. Wilaya hii haikuwa tangu zamani nchi ya ng'ombe. Mbung'o wa vichakani waliwafanya Wazaramo wawe watu wa mihogo, mpunga, minazi na mikorosho, na makundi ya ng'ombe wa bara waliyaona zaidi yakiletwa mnadani Pugu kwa ajili ya walaji wa Dar es Salaam. Mfugo wa kila ua ulikuwa kuku, na adui wa kuku ni mdondo, ambao huingia kijijini ukasomba kuku karibu wote katika siku chache: wanasinzia, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, wanakufa. Kinga yake ni chanjo ya aina ya I-2, ambayo mbegu yake iliandaliwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu, nayo kwetu ilitengenezwa kwanza katika maabara ya Temeke ikaitwa TEMEVAC. Mwenye kulitazama jina hilo vizuri ataona Temeke mwanzoni, na mwishoni ataona vacca, ng'ombe wa Kilatini, akiwa ndani ya dawa ya kuku.

Mwenye kuku aendapo dukani akaomba "dawa ya mdondo", na kuku wake wamekwisha kuanza kusinzia, huuziwa chanjo, huidondosha, kuku hufa, naye hurudi akisema chanjo haifai kitu. Hakudanganywa na mtu. Amedanganywa na neno dawa, ambalo katika mazungumzo yetu limebeba mizigo miwili. Dawa ya kutibu hupigana na maradhi yaliyokwisha kuingia, ilhali chanjo haimpigi adui hata kidogo: huuonyesha mwili sura yake akiwa dhaifu, ili mwili wenyewe ujifunze kumtambua na kuandaa askari wake, na mafunzo hayo yanahitaji siku. Mkamaji wa Berkeley hakutibiwa ndui. Aliugua kitu kidogo mapema, na ndiyo maana kikubwa kilipokuja hakikumpata. Mtu akiifahamu habari hiyo ya zizini, hahitaji kuambiwa mara ya pili kwa nini kuku mgonjwa hachanjwi.

Basi anayefuga Msanga au Maneromango na achanje kuku walio wazima, wakubwa na vifaranga pamoja, tone moja katika jicho moja la kila kuku, kabla mdondo haujasikika kwa majirani. Majuma mawili yapite kabla hajaitegemea kinga hiyo, na arudie kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa sababu kinga hupungua, na kwa sababu katika muda huo vifaranga wengine huwa wameanguliwa ambao tone lile la kwanza halikuwakuta. Chanjo ya I-2 huvumilia joto kuliko nyingine, hata kwa majuma kadhaa, lakini uvumilivu huo una mpaka, na kichupa kilichoachwa juani juu ya paa la gari kimekwisha kufa hata kama maji yake bado yang'aa.